Kware Aliyegoma Kwenda Kushoto

Sehemu ya Tisa

Haya, wewe uliyemtukana mhariri wiki nzima kwa kukata hadithi pale pabaya, shika gazeti vizuri. Gradimir bado yuko juu. Usukani bado umegoma.

Kwa yule aliyekuwa safarini, au aliyefungiwa vitumbua kwa ukurasa wetu kabla hajausoma, nitasema kwa kifupi. Gradimir ni rubani wa majaribio wa kiwanda cha Bwana Vukajlo, hapo mjini Valjevo. Huyo Vukajlo ametengeneza vitanda na majeneza maisha yake yote, mpaka alipopandwa na wazimu wa kutengeneza ndege. Na ndege yenyewe iko moja tu duniani: ya mbao na kitani, mabawa mawili juu na mawili chini, imeundwa ili jeshi lifundishie vijana kuruka. Wameiita Kware.

Jeshi likimpenda Kware, kiwanda kitatengeneza wengine mpaka mbao za wilaya ziishe. Likimkataa, mafundi wote wanarudi milimani kuezeka mazizi, na Gradimir anarudi kwa kaka yake kuswaga kondoo. Na kondoo wa kaka yake, kwa taarifa yako, hawampendi.

Leo ndiyo siku ya kuamua. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mhandisi Svetolik, aliyemchora Kware, lakini asubuhi tumbo lilimshika, akakimbilia chooni ameshika suruali. Kanali Tanasije, mkuu wa kamati ya jeshi, akasema basi atapanda yeye mwenyewe. Msaidizi wake, Kapteni Momir, naye rubani, alimsihi sana asipande. Eti mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kufutia pua.

Kanali akapanda. Na sasa wako juu ya mji, wanazunguka.

"Rubani!" Sauti ilitoka kwenye mpira wa kuzungumzia, ule unaotoka kiti cha mbele mpaka sikioni kwa Gradimir. "Lile kanisa nimeliona tena. Padri ameanza kutupungia mkono kama jamaa zake."

"Naonyesha mzunguko wa kulia, Bwana Kanali!"

"Nimeuona. Nimeushiba. Nionyeshe wa kushoto."

Gradimir akauvuta usukani kushoto kwa mkono mmoja. Akauvuta kwa mikono miwili. Akauvuta kwa mikono miwili na goti juu yake. Ukasogea kidole kimoja, ukakwama. Kulia ulikwenda bila ubishi. Kushoto, thubutu!

Akakanyaga pedali ya kushoto kwa nguvu zote. Pua ya Kware ikageuka, lakini mabawa yakakataa kulala, na ndege nzima ikateleza ubavuubavu. Upepo ukamchapa Kanali shavuni, masharubu yote mawili yakahamia upande mmoja.

"Na hiyo ni nini?"

"Hiyo... hiyo ni mtelezo wa ubavu, Bwana Kanali. Marubani wengi hawaujui."

"Hata mimi siujui!"

"Ndiyo maana nimekuonyesha."

Gradimir aliogopa kufa, hilo tuseme wazi. Lakini kilichomtia aibu ni kwamba aliogopa zaidi Kanali asije akajua. Akijua kwamba Kware ana ugonjwa, ndiyo basi tena, Kware hana kazi, na mafundi hawana kazi.

"Sasa tuache madoido," Kanali akasema. "Pita juu ya mto, tushuke. Huko chini mtu anakaanga nyama, mimi nimeisikia harufu tangu asubuhi."

Gradimir akachungulia bawa la chini la kushoto. Hapo ndipo alipokiona.

Pale nyuma ya bawa, karibu na kile kibao kinachopanda na kushuka ili ndege ilale upande, palikuwa na kitu cheupe kinapepea kwenye upenyo. Kitani kimechanika? Hapana. Kitani cha Kware hakina jogoo wekundu.

Jogoo wekundu! Waliotariziwa kwa uzi, wamesimama mstari mmoja, vifua mbele! Gradimir aliwajua jogoo hao tangu anatambaa. Wako kwenye ukuta wa jikoni, wako kwenye kitambaa alichobatizwa nacho, wako kila mahali alipowahi kupita Shangazi Stanojka na sindano yake. Na Shangazi Stanojka, dada wa baba yake, ndiye mkuu wa washonaji wanaovalisha mabawa kitani.

Mara moja akaelewa yote: Shangazi ametundika taulo lake ndani ya bawa.

Kumbuka siku ile mifupa ya mabawa ilipokamilika. Mafundi waliweka nyundo chini, wakasimama, wakangoja. Hao ni wajenga nyumba kwa asili. Kwao, paa likisimama, mwenye nyumba na majirani hutundika mashati na taulo kwenye boriti kwa ajili ya mafundi, ndipo kazi inaendelea. Paa lisilotundikwa kitu huvuja, au huungua, au humfanya mke wa mtu mjane. Basi wakamuuliza Bwana Vukajlo: mashati yako wapi?

Vukajlo akamtazama Mhandisi Svetolik, aliyesoma Paris. Svetolik alicheka mpaka akavua miwani.

"Jamani, hii ni ndege! Si banda la ng'ombe!"

Mashati yakapigwa marufuku. Mafundi walinuna. Shangazi Stanojka hakusema neno. Na watu wa Valjevo wote wanajua, Stanojka akinyamaza, kimbia.

"Shangaziiii!" Gradimir akapiga ukelele.

"Shangazi gani?" mpira ukauliza. "Rubani, unamwita shangazi huku angani? Mimi nimepanda na mtu wa namna gani?"

"Ni desturi ya kwetu, Bwana Kanali! Kabla ya kutua!"

"Basi mwite haraka, nina njaa."

Sasa fikiria mwenyewe. Uwanja uko kushoto. Upepo unatoka mtoni, na ndege lazima itue ikiutazama upepo. Na huyu ndege wetu anajua njia moja tu. Gradimir akafanya alichoweza: kila alipotaka kwenda kushoto kidogo, akazunguka kulia karibu duara zima. Walipita juu ya kiwanda cha bia, wakapita juu ya soko, wakapita juu ya shamba la plamu la padri, wakarudi sokoni. Wauza jibini wakafunika bidhaa zao.

Mwishowe uwanja ukajipanga mbele. Akapunguza moto wa injini. Nyasi zikapanda. Bado kidogo magurudumu yaguse, na hapohapo dharuba ya upepo ikaingia chini ya bawa la kushoto, ikaliinua. Bawa la kulia likaelekea ardhini.

Hapo dawa ni moja tu. Usukani kushoto.

"Nenda, mwana haramu wee!" Gradimir akanguruma, akauvuta kwa uzito wake wote.

Ndani ya bawa kitu kikalia: kratch!

Na usukani ukasogea. Si sana, lakini ulitosha. Mabawa yakanyooka, magurudumu yakapiga nyasi, yakaruka, yakapiga tena. Kware akakimbia uwanja mzima, akawatawanya washonaji na mpiga kodiani, akasimama pua yake ikiwa juu ya meza ya wageni, pangaboi inazungukazunguka polepole juu ya bakuli la plamu za sukari.

Kanali Tanasije akashuka. Akanyoosha masharubu, moja huku, moja huku. Akachukua kijiko cha plamu, akala, akanywa maji juu yake, kama anavyofanya mgeni mwenye adabu hapo Valjevo. Bwana Vukajlo alikuwa mweupe kuliko kitambaa cha meza.

"Bwana Vukajlo," Kanali akasema. "Nimerushwa na marubani wa kila aina. Sijawahi kuona ndege inazunguka vile bila kupoteza kimo. Huyu anaweza kugeuka ndani ya sufuria! Na ule mtelezo wa ubavu! Nitaufanya somo la lazima jeshi zima."

"Ma... maana yake..."

"Maana yake namchukua."

Ebwana wee! Kofia zikapanda hewani. Kodiani ikalia. Vukajlo akambusu Kanali, akambusu fundi mkuu, akambusu dereva wa Kanali, akambusu na mtu aliyekuja kuuza mayai. Rakija, ile pombe kali ya plamu, ikaanza kutembea. Shangazi Stanojka, kitambaa chake kichwani na mkasi umening'inia kifuani, alijifuta machozi, huku akitabasamu kwa namna iliyomtia Gradimir hasira.

Na Gradimir? Gradimir alikunywa glasi yake akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza, na wewe usijifanye ungesema. Alijiambia jioni atalipasua bawa, atalitoa hilo taulo, litashonwa, na siri itakufa na jogoo wake.

"Limebaki jambo dogo," Kanali akasema, mdomo umejaa nyama. "Kanuni inataka mtu wa kamati aruke peke yake. Kapteni Momir! Panda, piga namba nane juu ya uwanja, ushuke, tule."

Glasi ikamponyoka Gradimir. Namba nane! Nusu yake kulia, na nusu nyingine kushoto.

"Bwana Kanali, mafuta yamekwisha."

"Yajazwe."

"Injini imechoka."

"Mimi ndiye niliyechoka. Injini ni chuma."

Kapteni Momir akaanza kuvaa glavu. Alizivaa, akazivua, akazivaa tena kwa kubadilisha mikono. Akaomba skafu. Akaletewa, akasema si hiyo. Akaenda kwa mkewe aliyesimama kando ya gari na mwavuli wa jua, tumbo limeshamtangulia, akambusu. Akapiga hatua, akarudi, akambusu tena, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Kapteni, unakwenda juu ya uwanja tu, huendi Amerika!" fundi mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

Gradimir hakucheka. Alikuwa anautazama ule mwavuli. Huyo mama atasimama hapo hapo na mwavuli wake, ataangalia juu, na mumewe atafika penye kushoto. Basi. Kwa ajili ya kazi. Kwa ajili ya kondoo.

Momir akaweka mguu juu ya bawa.

"Shuka!" Gradimir akapasuka. "Asipande mtu! Kware hageuki kushoto!"

Kodiani ikaishiwa pumzi katikati ya wimbo.

"Unasemaje?" Kanali akauliza.

"Hakugeuka kushoto hata mara moja leo. Nimekudanganya, Bwana Kanali. Tangu tulipofika juu ya kanisa."

Uso wa Kanali ulianza kuiva kutoka shingoni kwenda juu.

"Kwa hiyo ile mizunguko ya sufuria..."

"Nilikuwa natafuta uwanja."

"Na mtelezo wa ubavu?"

"Ulikuwa woga."

"Na shangazi?"

"Shangazi ni yule pale."

Watu wakapisha. Shangazi Stanojka akaja mbele mikono kiunoni, kama mtu asiye na hatia hata chembe.

"Stanojka!" Vukajlo akalia. "Umefanya nini?"

"Nimefanya ulichotakiwa kufanya wewe. Mlitaka nyumba ipande angani bila kutundikwa hata kitambaa?"

"Si nyumba!"

"Ina boriti, ina mbavu, watu wanaingia ndani wanakaa. Kama si nyumba ni nini, kitoweo?"

"Shangazi, ulitaka kuniua!" Gradimir akasema. "Mimi! Mtoto wa kaka yako!"

Hapo tu ndipo Stanojka alipoondoa mikono kiunoni. "Nilitia kwa ajili yako, mwanangu. Kwa ajili ya nani mwingine?"

Hakungoja jibu. Akashika mkasi, akaliendea bawa la kushoto, akalipasua kuanzia nyuma mpaka katikati. Vukajlo akajishika tumbo utadhani amepasuliwa yeye. Stanojka akaingiza mkono, akapapasa.

"Taulo limenasa kwenye roda," akasema, yaani kile kigurudumu kinachopitisha waya. "Ngoja nitoe hivi vingine kwanza."

"Vingine?" Kanali akauliza.

Likatoka shati la kiume.

"Hili si langu," Stanojka akasema, akashangaa kweli. Fundi mkuu akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Zikatoka soksi za sufu. Fundi wa varnishi akageuka akaanza kuhesabu miti. Ukatoka mshipi wa pilipili kavu, na mpishi akajificha nyuma ya sufuria. Likatoka shati lingine, kisha leso, kisha soksi moja peke yake, yatima. Kumbe kila mtu alikuwa ameingia kwa zamu yake, kwa siri yake, akatundika chake! Mwisho kikatoka kitambaa cha hariri chenye herufi kubwa V.

Watu wote wakamtazama Bwana Vukajlo. Bwana Vukajlo akatazama mawingu ambayo hayakuwepo.

Kanali Tanasije alianza kutikisika. Watu wakadhani ni hasira. Kumbe mzee anacheka! Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, vifungo viwili vya koti vikakata tamaa.

"Baba yangu alijenga nyumba kule mlimani Zlatibor," akasema, akifuta macho. "Boriti haikuonekana kwa mashati. Nyumba haijavuja mpaka leo." Akanyanyuka. "Haya sikilizeni. Toeni duka lote hilo, shoneni bawa. Kware aruke tena leoleo. Akienda kushoto, neno langu liko palepale. Na wewe rubani..." Akamwekea Gradimir mkono begani. "Wewe ni mwongo hodari. Lakini umesema kabla mtu wangu hajapanda. Hilo nimeliona."

Gradimir alitaka kumbusu. Kware atapona! Ni taulo tu!

"Hebu nilione hilo taulo lenyewe," Kanali akasema, akaingiza mkono kwenye bawa akavuta.

Taulo likatoka. Na waya ukatoka nalo, mrefu, mpaka mwisho wake ukaning'inia hewani.

Kicheko kikafa.

Gradimir akapiga magoti, akaushika ule mwisho. Nyuzi za waya, karibu zote, zilikuwa zimekatwa sawasawa, laini, zinang'aa: hiyo ni kazi ya tupa, chuma cha kukerezea chuma. Zilizobaki chache, ndizo zilizokatika zenyewe. Kratch. Palepale juu ya nyasi. Na taulo la Shangazi, kwa kuzungukazunguka na roda, lilikuwa limejifunga huku na huku ya mkato, likakaza fundo. Wakati ule anavuta kwa uzito wake wote, hakuwa na waya. Bawa lilishikiliwa na jogoo wekundu.

Gradimir akakaa chini.

"Mhandisi yuko wapi?" Vukajlo akanong'ona. "Alikuwa akae mbele! Kapata tumbo ghafla! Yuko wapi?"

"Niko hapa!" Svetolik alikuwa anatoka chooni, kijani usoni, anafunga mkanda. Akaona waya. Akaelewa kabla hajaambiwa, na mkanda ukamfunguka tena. "Mungu wangu. Pale mbele nilikuwa nikae mimi." Akageuka, akarudi alikotoka mbio, na sauti zilizofuata hazikuwa za kuigiza.

Si yeye, basi.

Shangazi Stanojka akalikung'uta taulo lake, akalikunja taratibu, jogoo kwa jogoo.

"Taulo nilitia mimi," akasema. "Nakiri mbele ya Mungu na mbele ya Kanali. Tupa nani katia?"

Gradimir, pale chini kwenye nyasi, alikuwa anaona viatu vya watu wote, na vyote vilikuwa vimesogea mbele kuutazama waya. Vyote isipokuwa jozi moja, nyeusi, zinazong'aa, ambazo zilikuwa zinarudi nyuma kidogokidogo kuelekea kwenye gari lenye mwavuli. Akakumbuka zile glavu zilizovaliwa na kuvuliwa. Akakumbuka mabusu yale. Mtu anayekwenda juu ya uwanja tu haagi mkewe hivyo.

Kanali naye alikuwa ameacha kuutazama waya. Aligeuza kichwa polepole, akaitazama mbingu kutoka mlimani mpaka mtoni, nyeupe vilevile kama asubuhi. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini na ya upole, na ilitisha.

"Kapteni Momir. Ile mvua yako, mbona haijanyesha?"